Uani kwa Nyumba ya Vyumba Sita

Kariakoo na Temeke mjini Dar es Salaam, Majengo ya Mombasa, Ng'ambo ya Unguja, hata Pumwani kule Nairobi, zimejaa, au zilijaa mpaka miaka ya karibuni, nyumba za mpango mmoja. Mbele kuna baraza. Mlango unaingia ukumbini, na ukumbi umenyooka mpaka mlango wa nyuma. Vyumba vitatu mkono huu, vitatu mkono ule. Kisha ua wenye jiko, stoo, bafu na choo. Ndiyo nyumba ya Kiswahili, nyumba ya vyumba sita. Wasanifu wameichora mara nyingi na kuiweka miongoni mwa maumbo ya ujenzi wa pwani, na hawakukosea. Lakini mchoro hauelezi kwa nini nyumba hii imedumu ilhali karibu kila kitu chake kimebadilika: udongo umekuwa tofali, makuti yamekuwa bati, ukoo uliokaa vyumbani umekuwa wapangaji waliokutana mjini. Naona jibu liko katika kazi. Kabla ya kuwa kuta, nyumba hii ni mapatano: nani apike wapi, nani afagie lini, maji yawekwe wapi, mgeni akomee wapi, mtoto aangaliwe na nani mama yake akiwa sokoni. Mapatano hayo yana makao yake, nayo ni uani. Kila aliyeipima nyumba hii kwa kuta zake tu, awe mtawala wa kikoloni au mpangaji miji wa baada ya uhuru, aliacha nje ya hesabu ile sehemu iliyoishikilia.

Kwanza umri wake, kwa sababu watu wengi hudhani nyumba ya udongo ni mwigo wa kimaskini wa nyumba ya mawe, kana kwamba Mswahili asiye na mali alimtazama tajiri wa Lamu akajenga alichoweza. Historia inakwenda kinyume. Huko Shanga, kisiwani Pate, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba wakazi wa karne ya 8 walikaa katika nyumba za miti na udongo. Nyumba za mawe za kuishi watu zilikuja karne nyingi baadaye, kwenye karne ya 14. Jiwe liliukuta mji ambao tayari ulijua kupanga maisha ya nyumbani. Na nyumba ya mawe yenyewe, ukiichunguza, inashuhudia jambo lile lile. Katika nyumba za zamani za Lamu mgeni hukomea kwenye daka, kibaraza cha mlangoni. Kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko wazi ili kazi zipate mwanga na hewa. Baada yake misana, vyumba virefu vyembamba, hufuatana kuelekea ndani, na kila hatua inaingia mahali pa faragha zaidi. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko, mita mbili na nusu au zaidi kidogo, kwa hiyo nyumba haikuweza kutanuka kwa pembeni kadiri mtu apendavyo. Ilikua kwa kufuata jamaa. Binti akiolewa, wazazi waliweza kumwongezea orofa juu yao. Jamaa waliokuwa ng'ambo ya kichochoro waliunganishwa kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya njia, ili wanawake wapite kutoka nyumba hadi nyumba bila kushuka barabarani. Ujenzi uliandamana na harusi, uzazi na urithi.

Nyumba ya miti na udongo ilikuwa na sifa moja ambayo ya mawe haikuwa nayo kwa kiasi kile: ilidai watu, tena mara kwa mara. Nguzo zilichimbiwa, fito zikafungwa ndani na nje kwa kamba za usumba, mawe madogo na udongo vikajazwa katikati. Paa lilipanda kabla ya ukuta kukandikwa, ili udongo ukauke kivulini na mvua isiuporomoshe. Hapo ndipo kazi ilipogawanyika. Nguzo na paa vilikuwa vya fundi, maana paa lililopimwa vibaya halisameheki. Kukandika kulitaka mikono mingi kwa siku moja, kwa sababu udongo uliokwisha kulowekwa na kukanyagwa haungoji kesho. Wanaume walichimba na kukanyaga. Wanawake na watoto walileta maji. Wengine walibandika na kulainisha kwa viganja. Malipo yalikuwa chakula cha siku ile na deni la siku nyingine, deni ambalo kila mtu mtaani alilijua bila kuandikwa. Makuti ya viungo yalikuwa na kalenda yake: yalishonwa mapema, mengi kwa mikono ya wanawake, yakakusanywa hadi yatoshe paa zima, kisha yakaezekwa kabla ya masika. Ua ulizungushiwa makuti ya kumba. Baada ya miaka michache paa lililegea, na kazi ikaanza upya.

Naweka uzito kwenye hilo kwa sababu vitabu vya nyumba bora vimelitaja siku zote kama kasoro. Ni kweli kwamba nyumba isiyodumu inachosha. Lakini tazama ilichofanya. Mwenye nyumba aliyevunja uhusiano na jirani zake alikuwa na paa linalovuja, na kila mtu aliliona. Kijana alijifunza kufunga fito kwa kusimama karibu na mjomba wake aliyekuwa juu ya ngazi. Binti alijua kupima makuti ya paa zima kabla hajawa na nyumba. Ukarabati ulikuwa shule, na ulikuwa pia daftari la nani anamdai nani. Nyumba iliyojengwa mara moja kwa saruji huokoa nguvu nyingi, nami sitamshauri mtu arudi kwenye kiambaza. Ila pamoja na nguvu iliyookolewa ilipotea sababu ya kukutana, na hasara hii haikuandikwa popote.

Mji ndio ulioyapa mapatano haya mtihani mkubwa. Sultani Majid bin Said alianza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliugawa mji kwa kanda za ujenzi. Kanda ya tatu, ambayo moyo wake ulikuwa Kariakoo, ndiyo iliyoruhusiwa nyumba za udongo na makuti, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kuitenga na mji wa biashara na mji wa Wazungu. Kanuni zilitaja vifaa vya ujenzi pasipo kutaja rangi ya mtu, lakini kila aliyezisoma alijua nani angekaa wapi. Ndani ya kanda hiyo nyumba ya vyumba sita ilipata kazi mpya. Ukoo hauhami mzima; anayehama ni mtu mmoja, akifuatwa na mdogo wake, halafu na mke. Mwenye kiwanja alijenga vyumba viwili, akalala kimoja, akapangisha kingine, na kodi ya hicho ikanunua miti ya vyumba vingine viwili. J. A. K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa maisha ya Dar es Salaam mwaka 1957 na kuuchapisha mwaka 1963, aliikuta nyumba hii ndiyo makazi ya kawaida ya Mwafrika mjini: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na kila chumba mpangaji wake.

Hapo panahitaji kutazamwa vizuri. Watu waliokaa pamoja chini ya paa moja wakati huo hawakuwa ndugu. Mmoja alitoka Rufiji, mwingine Uluguru, mwingine Unyamwezi. Mmoja kuli bandarini, mwingine mpishi wa nyumba ya Mzungu, mwingine muuza samaki. Kama nyumba ya Kiswahili ingekuwa umbo la undugu peke yake, ingevunjika kwa mzigo huo. Haikuvunjika kwa sababu mpango wake haukuuliza mnahusianaje kwa damu. Uliuliza kila mmoja anafanya nini na saa ngapi. Baraza lilipokea wageni wa kiume na maongezi ya jioni. Ukumbi ulikuwa wa kupita, wa kuegesha baiskeli, na wa kukaa mvua ikinyesha; mtu hakuweka jiko lake hapo akaeleweka. Chumba kilikuwa cha faragha, na pazia mlangoni liliheshimiwa kama ukuta. Kila kazi yenye moshi, maji, vumbi au kelele ilikwenda uani.

Uani ndiko nyumba ilikoendeshwa. Alfajiri palifagiwa, kwa zamu, na zamu iliyorukwa ilionekana kabla jua halijapanda. Pipa la maji lilikuwa na utaratibu wake: bomba la mtaa lilikuwa mbali, na kila ndoo iliyochotwa ilikuwa jasho la mtu. Choo kimoja na bafu moja kwa familia tano au sita vilihitaji foleni ya adabu, wanaokwenda kazini mapema wakitangulia. Kila mwanamke alikuwa na jiko lake na chungu chake, lakini kinu, ungo na kibao cha mbuzi vilizunguka. Aliyekuwa akichambua mchele aliwaangalia watoto wa wote. Aliyekwenda sokoni alibeba vikapu vya wawili. Vitumbua na maandazi vilivyouzwa barazani asubuhi vilikuwa vimeumuliwa uani usiku, na huenda mtaji wake ulitokana na upatu ulioendeshwa na wanawake hao hao, kila mmoja akitoa fungu na mmoja akipokea zamu yake. Mipango mikubwa ilianzia hapo pia: nani atapika pilau ya hitima, nani atakopesha sufuria, kuta zipakwe chokaa lini kabla ya Idi. Ugomvi ulikuwepo, tena mwingi, kuhusu maji, kuni, watoto na masengenyo, na mwamuzi wa kwanza alikuwa mwenye nyumba, mara nyingi bibi au mama wa makamo ambaye kodi yake ndiyo iliyokuwa riziki. Huko Pumwani, makazi yaliyofunguliwa na baraza la mji wa Nairobi katika miaka ya 1920, mwanahistoria Luise White ameonyesha jinsi wanawake wengi walivyopata kuwa wenye nyumba, wakijenga vyumba vya kupangisha kwa fedha walizochuma wenyewe mjini. Mwanamke ambaye mahali pengine asingepata ardhi alikuwa, katika nyumba ya namna hii, mwenye mamlaka.

Watu waliithamini nyumba kama kazi iliyokusanywa, na hilo lilionekana palipokuwa na mgogoro wa ardhi. Mombasa ilikuwa na desturi ya nyumba bila ardhi: mtu anamiliki jengo huku kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya mahali. Unguja, mwaka 1928, wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi iliyokuwa chini ya nyumba zao. Walikuwa wamejenga, wamekandika na wameezeka. Hawakuona haki ya mtu mwingine kuzidisha dai lake juu ya jasho lao.

Sasa, kuna pingamizi ambalo mtetezi yeyote wa uani lazima alikabili, nalo ni zito. Ni nani hasa aliyefanya kazi hiyo yote? Katika nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja utulivu wa misana ya ndani ulibebwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulipigwa marufuku huko kwa amri ya mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Mtu hawezi kusifu mpangilio wa nyumba ya kale akaficha kwamba aliyepanda ngazi na mtungi hakuwa na hiari. Hata utumwa ulipokwisha, mzigo uliangukia wanawake na wasichana. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi wake maarufu mwaka 1858, aliandika mafunzo ya dini, adabu na unyumba kwa mtu ambaye ilichukuliwa kuwa nyumba ni juu yake. Na Julius Nyerere, ambaye alijenga siasa nzima juu ya wazo la familia inayofanya kazi pamoja, alikiri waziwazi katika Ujamaa Vijijini mwaka 1967 kwamba jamii ya jadi ilikuwa na kasoro, mojawapo ikiwa kwamba wanawake walitumikishwa kuliko sehemu yao ya haki.

Nalikubali pingamizi hili karibu lote. Ila lina sehemu isiyofuata. Kutokuwepo kwa usawa katika kazi ya nyumbani hakukuletwa na uani, na kuondoa uani hakukukuondoa. Mwanamke anayepika peke yake katika jiko la ndani, mlango umefungwa, hana kazi pungufu. Ana mashahidi pungufu. Uani ulifanya mzigo uonekane. Mume aliyekaa barazani huku mkewe mjamzito akichota maji alijadiliwa na nyumba nzima, na mjadala huo ulikuwa na nguvu ambayo malalamiko ya mtu mmoja chumbani hayana. Pia ulimpa mwanamke wenzake wa kushirikiana kazi kabla hajapata mume wa kushirikiana naye. Ndiyo maana nasema nyumba hii haikuwa ya haki, na bado nasema ilikuwa na nyenzo ya kudai haki ambayo nyumba zilizoifuata hazikuwekewa.

Pingamizi la pili husema kwamba watu walishirikiana kwa sababu hawakuwa na fedha; wakipata, kila mtu angejifungia kwake. Lina ukweli kwa mtu mmoja mmoja, lakini historia ya ujenzi inalipunguza nguvu. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa Tanganyika mwaka 1962, na katika kazi zake za mwanzo lilibomoa nyumba za udongo katika maeneo kama Magomeni na kujenga za tofali. Mpango wa nyumba hizo mpya ukawa ule ule: vyumba sita, ukumbi, ua. Katikati ya miaka ya 1970, serikali ilipopima viwanja vyenye huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia huko Sinza na kwingineko, watu waliopewa nafasi ya kujijengea kwa tofali waliendelea kujenga nyumba ya Kiswahili. Walikuwa na vifaa vya kubadili mpango, hawakuubadili. Sababu moja ni kodi, bila shaka: nyumba inayojengwa chumba kwa chumba hujilipia. Lakini hata kodi ilitegemea watu kuweza kukaa pamoja bila kuumizana, na utaratibu wa kufanya hivyo ulikuwa tayari umo ndani ya mpango.

Kuhusu afya, mabwana afya wa enzi ya ukoloni walikuwa na hoja: makuti hushika moto, vyoo vya shimo vilivyosongamana huleta maradhi, na chumba kimoja kwa familia nzima ni kidogo mno. Tiba ya mambo hayo ilikuwa bati, mabomba, mifereji na viwanja vya kutosha. Hakuna hata moja kati ya tiba hizo inayotaka ua uondoke.

Mfano wa ua kuondoka tunao Michenzani, Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Abeid Amani Karume, ikisaidiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, iliamua kuijenga Ng'ambo upya kwa majengo marefu ya ghorofa yaliyopangwa pande za barabara mbili zinazokutana, na nyumba nyingi za udongo zikabomolewa kuyapisha. Nia ilikuwa njema, nami siidharau: mtu aliyeitwa wa ng'ambo kwa dharau alipewa umeme, choo cha ndani na mlango wake mwenyewe. Lakini jiko la mkaa, ndoo, kinu na nguo za kuanika havikupotea kwa sababu mtu amehamia orofa ya juu. Vilihamia roshani, ngazini na uwazi ulio chini kati ya majengo. Kazi zilizokuwa na mahali na zamu zikawa hazina mahali wala mwenyewe, na sehemu zilizokuwa za wote hazikuwa na bibi mwenye nyumba wa kuuliza ni nani hajafagia.

Dar es Salaam sasa inapita njia hiyo kwa kasi. Nyumba za vyumba sita za Kariakoo zimekuwa zikibomolewa tangu miaka ya 1990 kupisha maghorofa ya maduka na fleti, na Magomeni Kota, palipokuwa na nyumba za chini za tangu ukoloni, palifunguliwa mwaka 2022 majengo ya ghorofa kwa ajili ya kaya 644. Tanzania ilitunga mwaka 2008 sheria ya umiliki wa sehemu za jengo, inayowataka wenye fleti kuwa na umoja wa kusimamia ngazi, paa na maeneo mengine ya pamoja. Ni sheria ya lazima, nayo inafanya kwa maandishi jambo ambalo uani ulifanya kwa macho na zamu. Ila inasimamia njia za kupita watu, na haimpi mtu mahali pa kufanyia kazi. Mchoro wa ghorofa unaoletwa leo halmashauri kuombewa kibali huonyesha lifti, tangi la maji na maegesho ya magari. Ungeweza pia kuonyesha, kila orofa, sakafu moja ya wazi yenye bomba na mfereji, kamba za kuanikia, kivuli, na upana wa kuwatosha watu watatu wakichambua mchele huku watoto wakiwa mbele ya macho yao. Gharama yake ni upana wa chumba kimoja.